Chai Inywewayo kwa Macho

Macho hayana pazia, walinena wahenga. Birika la bati linalo pazia, na la udongo kadhalika: jani huingia gizani, na mnywaji akaletewa habari zake kwa ulimi tu. Bilauri haina siri. Ndiyo maana huko Hangzhou, mashariki ya China, chai ya kijani iitwayo Longjing, yaani Kisima cha Joka, aghalabu hutiwa ndani ya bilauri ndefu ya kioo kitupu, isiyo nakshi wala mkono.

Utaratibu wake ni mwepesi. Bilauri husuuzwa kwanza kwa maji ya moto ili ipate joto. Hutiwa majani kiasi cha gramu 3, yaliyobapa kwa kukandamizwa kwa mkono ndani ya karai la moto. Kisha maji kidogo, yakazungushwa hadi harufu ikapanda, ndipo yakaongezwa mengine. Maji hayo hayatokoti. Joto lake ni kiasi cha nyuzi 80, kwani yakizidi huliunguza jani changa na kulitia uchungu. Baada ya hapo mtu hungoja.

Kungoja huko ndiko starehe yenyewe. Jani kavu limebeba hewa, basi huelea. Likisha kunywa maji huwa zito, likashuka polepole huku likikunjuka, mpaka chipukizi na vijani vyake vikaonekana kama vilivyokuwa mtini. Na maajabu zaidi yamo katika chai ya manjano ya Junshan, kisiwa kidogo cha ziwa Dongting, jimboni Hunan. Hiyo hufanywa kwa machipukizi matupu. Yakitiwa maji husimama wima, mfano wa mianzi inayochipua baada ya mvua. Hushuka, yakainuliwa tena na viputo vya hewa, yakashuka tena. Wachina husema hupanda mara tatu na kushuka mara tatu. Ndani ya birika la udongo ngoma hiyo ingechezwa pasiwe na wa kuitazama.

Zamani kioo kilikuwa sahibu asiyeaminika. Maji ya moto yalikipasua. Mwishoni mwa karne ya 19 Otto Schott, katika mji wa Jena, Ujerumani, alitengeneza kioo chenye boroni, kisichotanuka sana kwa joto. Mwaka 1931 Wilhelm Wagenfeld akasanifu kwa ajili ya kiwanda cha Jena birika la chai ambalo hata kichujio chake ni cha kioo.

Hata hivyo, wapenzi wa mabirika ya udongo wa Yixing wana hoja nzito. Udongo ule haupakwi kitu cha kuung'arisha, hivyo hunywa chai siku baada ya siku na kuhifadhi harufu yake. Mtu aliyefiwa na mwenzake wa mezani huijua thamani ya chombo kama hicho, na huujua uzito wake pia. Zipo asubuhi ambazo hawezi kukigusa. Bilauri haikumbuki kitu. Ikisuuzwa mara moja, jana imekwenda na maji.

Je, huo ni upungufu? Yamkini. Lakini chombo kisichoweka kumbukumbu humtaka mwenyewe awepo sasa hivi. Tena husema kweli: vumbi la majani yaliyovunjika, jani lililochakaa ghalani, rangi iliyopita kiasi kwa usahaulifu wa mtiaji, yote huonekana, na hapana wa kulaumiwa ila mkono uliotia. Chema chajiuza, na kibaya nacho hakina pa kujificha.

Ada ni kwamba chai ikibaki theluthi huongezwa maji, ikakolea mara ya pili, na ya tatu. Ila majani sasa yamelala chini, wala hayapandi kama mwanzo. Jani hukunjuka mara moja tu. Aliyekuwa ameinamia gazeti wakati huo atakunywa chai nzuri, lakini hakuiona. Yule aliyefiwa, ambaye wakati mwingi ulimpita hivyo hivyo akidhani utarudi, huiweka bilauri penye mwanga wa dirisha, akaondoa mikono, akatazama.