Jina la Mwenye Kazi

Ndugu msomaji, nipe sikio leo katika jambo ambalo huenda ukaliona dogo. Watoto wetu hutazama katuni nyingi ambazo hazikutengenezwa na makampuni, bali na vijana wapenzi wa michezo ya kompyuta. Vijana hao huchukua vipicha kutoka ndani ya mchezo, kimoja mguu uko mbele, kimoja uko nyuma, kimoja cha kuruka, wakavipanga mpaka kikaragosi kikatembea. Vipicha hivyo mafundi wake huviita spraiti.

Usividharau kwa kuwa ni vidogo. Kikaragosi kijulikanacho sasa kwa jina la Mario, cha kampuni ya Nintendo ya Japani, kilitokea mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong. Mchoraji wake, Shigeru Miyamoto, alikuwa na nukta chache mno za kuchorea. Akamvika kofia asihangaike na nywele, akampa masharubu asihitaji kuchora mdomo. Hiyo ni akili ya mtu, na akili ya mtu ni jasho lake.

Vijana ninaowasomesha huniuliza: "Maalim, picha ikinakiliwa, ya mwenyewe si imebaki pale pale? Amepungukiwa nini?" Swali zuri. Katika fiqhi, kuazima hakuwi ila kwa ridhaa ya mwenye kitu. Asiyeomba hakuazima, amejichukulia. Na wanavyuoni wa Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, walipitisha kwamba haki za mtungaji na za mvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haifai kuzivamia.

Mwaka 2006 ilianza katuni iitwayo Super Mario Bros. Z, iliyochanganya vipicha vya Mario na vya Sonic wa kampuni ya Sega. Ilipendwa sana, na kwa miaka iliachwa. Mtengenezaji alipofungua ukurasa wa kuchangiwa fedha, Nintendo walipinga, ukurasa ukafungwa. Basi tujue kwamba kuvumiliwa si kuruhusiwa.

Lakini dhuluma iniumayo zaidi si ile ya kampuni tajiri. Wako vijana wachorao vipicha vyao wenyewe, nukta kwa nukta, wakawapa wenzao wavitumie bure. Hawataki hata senti. Wataka jina lao litajwe tu. Kisha hutokea mmoja akabadili rangi ya nguo na kusema, "Nimechora mimi." Huyo ameiba na amesema uongo kwa tendo moja, na aliyeibiwa hana wakili wa kumtetea. Hapo ndipo jawabu la swali la vijana wangu: picha imebaki, jina limekwenda.

Wazee wetu walionakili vitabu kwa mkono walilijua hili. Jina la mtungaji waliliacha mahali pake, nao wakajitaja mwishoni kuwa ni wanakili.

Basi, mzazi, mwanao akikuonyesha katuni yake, mpongeze kwa kazi ya mikono yake, kisha muulize: Umeomba? Umemtaja mwenyewe? Unaiuza? Akikukataza, utaacha? Usimvunje moyo, kwani kujifunza kwa kuiga ni mlango wa kila fundi. Ila mfunze kwamba amana haipimwi kwa ukubwa wake. Asiyechunga haki katika nukta, atachungaje katika shamba la yatima?

Wallahu aalam.