Wachumba wapo, washenga wamekwenda wapi?



Sisi mafundi cherehani msimu wa harusi tunaujua mapema. Mwezi wa Shaaban hatulali, Mfunguo Mosi ndiyo usiseme. Na kila watu wakija kupimwa sare, hakosi binti wa miaka ishirini na kitu au thalathini anayeulizwa na shangazi yake, "Na wewe lini?" Anacheka. Akibaki na sisi, anasema taratibu, "Nimpate wapi?"

Wapo wanaosema mabinti wa leo wanachagua mno. Wengine wanasema vijana wa kiume hawataki majukumu. Lakini vijana nao wanakuja kushona kanzu, na malalamiko yao ni hayo hayo. Tunavyoona sisi, nia ipo pande zote mbili. Aliyekosekana ni mtu wa kati.

Zamani kabla ya barua ya posa kupokewa, watu walishauliza: mtoto wa nani, anasali, ana hasira, ana madeni? Bibi, kungwi na jirani walikuwa na la kusema, zuri na baya. Leo kijana katoka Pemba anafanya kazi hotelini Nungwi, binti kapanga chumba mjini, na jirani wa mlango wa pili hata jina hamjui. Imebaki simu. Humo mna picha nzuri na maneno matamu miezi sita, kisha kimya. Hakuna wa kumuuliza kulikoni, kwa sababu hakuna aliyewakutanisha. Likitokea hilo mara mbili tatu, binti anaufunga moyo, hata kwa mwenye nia njema.

Gharama nazo zipo: ukumbi, kitanda, kabati, sare. Lakini mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, Suratun Nisaa aya ya 4 imeliweka wazi hilo. Na Mtume (S.A.W.) alimwozesha mtu asiyekuwa hata na pete ya chuma, kwa Qur-ani aliyokuwa ameihifadhi. Gharama hupungua wakiwapo watu wa kuzizungumza, na hiyo ilikuwa kazi ya mshenga.

Tumkumbuke Bi Khadija (R.A.). Alikuwa mfanyabiashara mwenye mali na heshima. Alipoona uaminifu wa Mtume, alimtuma rafiki yake Nafisa akamuulize kama angependa kuoa. Heshima yake haikupungua. Na Suratun Nur aya ya 32 inapoamrisha wasio na wenza waozeshwe, amri inaelekezwa kwa jamii, kwetu sote.

Basi dada zetu, badala ya "lini?" tumuulize binti, "Unataka mtu wa namna gani, tukuulizie?" Tuwaulize waume zetu na kaka zetu kuhusu vijana wanaowajua msikitini na kazini. Wakikutana, wakutane nyumbani, walii wa binti akiwapo. Na tukiulizwa habari za mtu, tuseme kweli yote. Anayeficha ulevi au mke wa siri ili harusi ipite, anampeleka mtoto wa mwenzake kwenye mateso.

Allah awaruzuku mabinti na vijana wetu wenza wema, na atujaalie tuwe sababu ya kheri. Amin.