Tangi la Rangi ya Chungwa

Kabla ya kupanda nilipimwa kwenye mizani kama gunia la viazi. Kilo 91. Kijana mwenye daftari aliandika bila kuniangalia usoni, akamwonyesha Kapteni, naye Kapteni akaagiza mafuta yasijazwe pomoni.

"Mwalimu, wewe ukinenepa mimi napunguza mafuta," akasema, akicheka.

Nina miaka 63, na nimeishi South C, Nairobi, tangu 1994. Muda wote huo uwanja wa ndege wa Wilson nimeujua kwa masikio. Najua Caravan za watalii, ambazo huvuma kama mashine ya posho, na najua vile vindege vya mafunzo vyenye sauti ya nyigu aliyefungiwa koponi. Shuleni nilikofundisha nilizoea kusitisha sentensi katikati, ndege ipite, ndipo nimalizie. Siku moja nilipita nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, nikamsikia mvulana akiniigiza: "Kitenzi ni neno lina—" kisha akabaki kinywa wazi, kidole juu, macho kwenye dari. Wenzake walicheka hadi wakalala chini. Hata mimi nilicheka, lakini nilipofika nyumbani niliandika barua.

Ndiyo, barua za malalamiko za chama cha wakazi wa mtaa wetu ni za mkono wangu. Mimi ndiye katibu. Ya mwisho ilisema kwamba marubani wa mafunzo hupita chini juu ya nyumba zetu makusudi. Niliisoma mkutanoni, na waliohudhuria wakapiga makofi. Kapteni, rubani mkufunzi, binti wa Kajiado anayepanga ploti ya pili kutoka kwangu, alikuwa ameketi nyuma. Alingoja makofi yaishe, akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, umewahi kuiona South C kutoka huko juu?"

Sikuwa nimewahi kupanda ndege ya aina yoyote.

"Basi njoo Jumamosi. Utachangia mafuta tu."

Ndivyo nilivyojikuta nimesimama kando ya Cessna 172, ndege ya viti vinne yenye rafadha moja na mlango ambao, ukiufunga, unalia kama wa Probox iliyochoka. Kapteni aliizunguka yote akiigusagusa. Chini ya bawa alikinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akakiinua juani. Yalikuwa ya bluu hafifu, ya kupendeza.

"Rangi hii ni ya nini?"

"Ya kutambulisha aina yake. Haya yana risasi ndani. Injini hizi za zamani bado zinayataka hivyo."

Risasi, yaani yale madini ambayo petroli ya magari yetu iliachana nayo tangu mwaka 2006. Nikazikumbuka kamba za nguo juu ya paa letu na watoto wanaocheza chini yake. Barua zangu zote zilikuwa za kelele. Hili la mafuta halikuwamo hata katika moja.

Tulipowasha injini nilidhani tunaondoka. Tuliondoka, naam, hadi kwenye foleni. Mbele yetu kulikuwa na Caravan mbili za kwenda Mara, nyuma yetu vindege viwili vya wanafunzi, na kila ndege ya abiria iliyojitokeza ilitangulizwa. Mwanafunzi, Kapteni aliniambia, hulipia hata dakika hizi za kusubiri, maana saa yake huhesabiwa injini ikinguruma. Ndege ya madaktari wa AMREF, ambao huduma yao ilianza mwaka 1957 na makao yake yako papo hapo Wilson, ikiita redioni ina mgonjwa, wote husimama na hakuna anayenung'unika. Kwa wengine wote kunung'unika kupo.

"Kwa ngazi ya uwanja huu," alisema, "sisi ndio tuko chini kabisa. Ajali ikitokea, husemwa shule za urubani zihame. Hoteli ikitaka uwanja, shule zihame. Kelele zikizidi, shule zihame. Na uwanja ndio uliotangulia, Mwalimu, nyumba zikaufuata."

Hoja hiyo naijua, na ina ukweli. Bi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, na uwanja ukapewa jina lake 1962, wakati sehemu kubwa ya mitaa inayouzunguka leo haijajengwa. Lakini nikamwuliza nani aliutangulia uwanja. Akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Ng'ombe wa babu yangu," akasema.

Mnara ukaturuhusu. Sitadai kwamba sikuogopa. Ndege ilikimbia, ikatikisika, ikajivuta, na lami ilipotuacha nilitarajia tupae kama ninavyowaona kunguru wakipaa. Hatukupaa. Tulipanda polepole, kama bodaboda yenye abiria watatu kwenye mlima, na mapaa yalikuwa karibu sana hivi kwamba niliona mama mmoja akianua shuka.

"Panda basi!" nilisema kwenye hedifoni.

"Ndiyo napanda, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo miaka yote ile hakuna barua iliyojibiwa ikalieleza. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya aina hii hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi elfu moja, kwa hiyo hata kabla ya kuondoka ardhini imeshapungukiwa na moja ya sita ya nguvu. Jua likiwaka mambo huwa mabaya zaidi. Na hata ikiweza kupanda, haina ruhusa ya kupanda itakavyo, maana Uwanja wa Jomo Kenyatta uko jirani tu upande wa mashariki, na anga ya juu ni njia ya majitu yanayotoka Dubai na London. Kindege kimebanwa kati ya paa langu na matumbo ya ndege hizo.

Tulikata kona tukaingia juu ya mbuga ya taifa, nayo kelele ikawa haimsumbui mtu, labda pundamilia. Kapteni hakusema lolote kwa dakika kadhaa, na sikumlazimisha. Ni katika anga ile, Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani. Ile kubwa, yenye watu 44, ilirudi ikatua salama. Mkufunzi na mwanafunzi wake kwenye ile ndogo wakafa. Aina ileile niliyokuwa nimeketi ndani yake, na viti vilevile viwili vya mbele.

Wakati wa kurudi nilijaribu kupatafuta mahali pa kijiji cha Mitumba. Mwaka 2011 wakazi wake walipewa notisi ya siku saba kupitia gazeti. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba kilikuwa kwenye njia ya ndege. Walikwenda mahakamani, wakapata amri ya kuzuia kuhamishwa, na Novemba ya mwaka huohuo nyumba zikabomolewa na amri ikiwapo. Kesi ilipanda ikashuka hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 ilitambua kuwa hata asiye na ardhi, akiwa amejisitiri kwenye ardhi ya umma, ana haki ya makazi inayostahili kulindwa, ikairudisha kesi Mahakama Kuu iamue walipwe fidia gani. Miaka 10 ya kesi kwa nyumba za mabati zilizokuwa fupi kuliko mlingoti wa bendera ya shule yangu. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nilichoona ni maghorofa. Sheria inataka mjenzi wa karibu na uwanja aombe kibali cha urefu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wengi huomba. Ila kutoka juu vibali havionekani.

"Mwalimu, sasa tazama mbele chini," Kapteni akasema. "Unaona lile tangi la rangi ya chungwa?"

Nililiona. Kati ya mamia ya matangi meusi lilikuwa peke yake, linang'aa kama chungwa sokoni. Nililipaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya geti, mwaka tulioibiwa tangi la kwanza, ili mwizi ashindwe kuliuza.

"Hapo ndipo tunapokata kona ya mwisho kabla ya kutua. Kila mwanafunzi wangu huanza kwa kufundishwa tangi hilo."

Tukakata kona juu ya paa langu. Nilimwona mke wangu kibarazani, ameinua mkono kukinga jua, na nilijua kabisa anachosema.

Jioni nilimsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Basi si ulipake rangi nyeusi?" Jumatatu nikanunua kopo. Nilikuwa nimeshaweka ngazi ukutani nilipomwuliza, wakilikosa hilo, watakatia kona juu ya nani. Akafikiri, akamtaja jirani yetu wa upande wa pili, yule mwenye mtoto wa wiki tatu na paa la buluu.

Kopo lingali chini ya ngazi. Barua ya tano nimeianza mara mbili; aya ya mafuta imekamilika, ila kila nikifika kwenye neno "makusudi" kalamu inasita, na mara nyingi ni hapo ndege inapopita.