Usiku Mmoja hadi New York

Kutoka Nairobi hadi New York kwa njia ya mkato kabisa ni kama kilomita 11,800. Ukipitia Amsterdam, jumla inafika 12,500 hivi. Tofauti hiyo ndege huimaliza kwa muda usiofika saa moja. Kwa mama yangu, tofauti ilikuwa kubwa kuliko safari nzima.

Mama ni mtu wa Malindi na Kiingereza hakijui. Kila alipokuja kututazama Marekani, nilimwandikia kipande cha kadibodi kwa kalamu ya wino mzito: jina lake, nambari ya ndege ya pili, na ombi kwa yeyote atakayekisoma amwonyeshe mlango wa kupandia. Alikivaa shingoni, juu ya buibui. Akifika Amsterdam na kuonyeshwa mlango, habanduki hapo. Maji hanywi, kwa sababu akinywa atataka choo, na akienda chooni huenda likatolewa tangazo kwa lugha asiyoielewa, ndege ikamwacha. Alinisimulia haya baada ya miaka, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza alivyopika wali. Nilishindwa la kusema.

Njia nyingine zote zilikuwa na kusubiri kwake, iwe London, Dubai au Doha. Mashirika ya Kenya hayakuweza kurusha ndege zake hadi Marekani mpaka mamlaka ya anga ya huko iridhike na usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya, na idhini hiyo ilipatikana Februari 2017. Tarehe 28 Oktoba 2018, usiku, Boeing 787 ya Kenya Airways iliondoka uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda New York bila kutua popote. Usiku una faida yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya saa kumi na tano huinuka vyema zaidi kukiwa na baridi.

Desemba ile nilikwenda kumchukua mwenyewe. Tulipaa saa sita ya usiku ikikaribia. Mama akala, akalala, akaamka kungali giza. Akalala tena, akaamka, bado giza.

"Mwanangu, leo hakuchi?"

Nikamweleza kwamba tunaelekea magharibi, tunaukimbia mchana, na jua linatufuata polepole kwa nyuma. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza sasa alfajiri ataijuaje. Tukawa tunachungulia dirishani kwa zamu, hadi weupe mwembamba ulipojitokeza nyuma ya bawa, juu ya Atlantiki. Akaswali hapo hapo kitini. Tulitua saa kumi na mbili na kitu asubuhi, kwa saa za huko, jua lenyewe halijatoka.

Kurudi kulichukua saa kumi na nne tu, maana pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Alikwenda peke yake. Nilimwandalia kadibodi, akaitazama, akanirudishia.

Mwaka uliofuata alinipigia simu kunijulisha tarehe anayokuja. Tikiti alikuwa ameshakata.