Mwanafunzi wa Kiswahili Miongoni mwa Viziwi

Mwezi wa Januari 2023 nilialikwa kujiunga na kikundi cha wakazi wa mtaa wa Manyatta, mjini Kisumu, ambacho wanachama wake ni viziwi na watu wanaosikia. Sikualikwa kwa ajili ya ujuzi wowote wa lugha ya ishara, maana sikujua hata ishara moja. Mwenyekiti, fundi wa baiskeli na jirani yangu wa siku nyingi, alikuwa amepata habari kwamba ninasomea shahada ya uzamili katika Kiswahili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kila kikundi kiwe na katiba yake, na yao ilikuwa kurasa mbili zilizochakaa. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiwe mwenye lugha." Maneno hayo yalinipendeza kupita kiasi.

Kikundi hukutana Jumapili alasiri katika darasa la chekechea, watu wazima wakiwa wamejikunja juu ya viti vya watoto. Kila mwanachama hutoa shilingi mia moja, wawili wakapokea kwa zamu, na kinachobaki hukopeshwa. Kisha viziwi huwafundisha wenzao lugha ya ishara kwa nusu saa. Katikati ya juma, anayesikia na anayejua ishara humsindikiza kiziwi zahanati au kwa chifu, ili asirudi nyumbani na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza maana yake. Hayo ndiyo yote. Sikuona bango wala kaulimbiu.

Niliiandika rasimu kwa majuma mawili, na sitaficha kwamba niliiandika kwa fahari. Wakati huo nilikuwa nimezama katika mjadala tunaoufahamu sote katika idara zetu: kwamba majina kama kiziwi, kipofu na kiwete, kwa kuwa yanabeba kiambishi cha KI-VI, yanamweka binadamu katika safu moja na kiti na kisu, na kwa hiyo yanamdunisha. Nilikwisha kuitetea hoja hiyo katika semina, na nikapigiwa makofi. Basi katika rasimu yangu hapakuwa na kiziwi hata mmoja. Palikuwa na "watu wenye ulemavu wa kusikia", mara kumi na saba.

Mweka hazina wa kikundi ni fundi cherehani, mwanamke kiziwi wa makamo ambaye hesabu zake hazina doa. Mkalimani alipomfasiria kifungu cha kwanza, aliinua mkono kumzuia, akanigeukia mimi wala si mkalimani. "Anauliza," mkalimani akasema, "ni nani aliyekwambia kwamba sisi ni wagonjwa?" Nikajieleza. Akanitazama hadi mwisho kwa uvumilivu, kisha akajibu kwa ufupi: wao ni viziwi, niandike viziwi. Neno lililomuumiza maishani, aliendelea, lilikuwa bubu, kwa maana ndilo alilotupiwa na majirani alipokuwa mtoto, kana kwamba mtu asiyetoa sauti hana lugha. Kiziwi lilikuwa jina lake na la wenzake, na hakuwa amemtuma mtu amtafutie jingine.

Nikakimbilia ngeli. Mkalimani, binti wa wazazi viziwi, alisita. Sijui kama kuna aliyewahi kumtaka aifasiri ngeli ya KI-VI kwa mikono. Aliyeniokoa, au kunimaliza, ni mwenyekiti: "Mwalimu, na kiongozi yumo katika ngeli gani? Na kinyozi? Na kijana?" Darasa zima likacheka, wengine kwa sauti na wengine kwa mabega. Nami nilijua vyema, kama ajuavyo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza, kwamba tunasema kiziwi amefika, si kiziwi kimefika. Sarufi yenyewe ilikwisha kumtambua kuwa mtu kabla yangu. Sisemi kwamba mjadala umekwisha. Kilema ni neno lenye uchungu wake, na huenda watu wasioona wana maoni mengine kuhusu kipofu. Ila nilikuwa nimeutetea utu wa watu ambao sikuwa nimewauliza wanaitwaje. Ndugu zetu wa Tanzania, nilikumbuka baadaye, wana Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo halikuandikwa na maadui wao.

Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ingawa ilikuja kimyakimya. Niligawa nakala. Wanachama viziwi wakazifungua, wakapindua kurasa kwa adabu, wakazifunga. Baada ya mkutano mweka hazina aliniandikia kwenye daftari lake la hesabu, kwa Kiingereza, akiuliza kama nina nakala ya Kiingereza. Kiswahili changu alikuwa haelewi.

Kwa nini? Katika shule za viziwi, mwanafunzi husoma Lugha ya Ishara ya Kenya pale ambapo wenzake husoma Kiswahili. Hata mtaala wa umilisi umeuendeleza utaratibu huo. Una busara yake: mtoto kiziwi anastahili kufunzwa lugha yake, na siku ina saa chache. Lakini yatazame matokeo katika mji kama Kisumu. Dholuo ni ya nyumbani, na wazazi wengi wa watoto viziwi wanasikia na hawajui ishara. Kiswahili ni cha sokoni na kituo cha matatu. Zote mbili humpita mtoto huyo juu ya kichwa. Darasani hukutana na lugha ya ishara, na maandishi anayokua nayo ni ya Kiingereza. Tangu mwaka wa kwanza wa chuo nimeandika, katika insha nisizoweza kuzihesabu, kwamba Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wakenya wote. Sikuwahi kujiuliza "wote" hao ni akina nani. Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinavitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Zimeketi pamoja katika sentensi moja, lakini nje ya sentensi hiyo sikuwa nimezikuta zikiamkiana.

Hatukukitupa Kiswahili. Wazazi wa watoto viziwi, ambao ni karibu nusu ya wanachama wanaosikia, wanakisoma kwa urahisi kuliko Kiingereza. Tulikubaliana kwamba kila kifungu kijadiliwe kwanza kwa ishara, kikikubaliwa kiandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Kazi niliyoimaliza peke yangu kwa majuma mawili ikachukua miezi saba. Katika miezi hiyo nilijifunza kwamba Lugha ya Ishara si Kiswahili cha mikononi. Ina mpangilio wake, na uso una sarufi yake. Mara kwa mara nilikuwa nikiuliza swali kwa vidole huku nyusi zangu zikitoa taarifa, na watu wakingoja niendelee.

Jioni moja ya Juni tulikuwa katika kifungu cha wadhamini wa mikopo, jambo lililowahi kuleta ugomvi, ndipo stima ikapotea. Kwa kawaida kukosekana kwa stima si habari. Sisi tunaosikia tuliguna, tukacheka, na tukaendelea. Mmoja alipendekeza wadhamini wawili, mwingine akataka watatu, mimi nikatoa tamko refu la upatanishi ambalo nililiona la hekima. Tukaafikiana wawili. Nadhani yalipita dakika kumi.

Kisha mwanga mdogo ukawaka upande wa dirishani. Mweka hazina alikuwa ameshika simu yake kwa mkono wa kushoto, tochi akiielekeza kwenye mkono wake wa kulia. Alikuwa ameuinua, akingoja tuutazame. Tulipoutazama, aliuliza kwa mkono mmoja, na mkalimani akafasiri kwa sauti ya chini: "Mmemaliza?"

Hakuna aliyejibu. Hata mkalimani alikuwa ameketi gizani akitusikiliza kama sisi. Nakumbuka nikijaribu kuhesabu ni mara ngapi katika miezi mitano jambo hili lilikuwa limetokea bila tochi.

Kifungu kile tulikijadili upya Jumapili iliyofuata, na wadhamini wakawa watatu. Kingine kikaongezwa, cha tisa, ambacho mweka hazina alikitoa kwa ishara na mimi nikakiandika bila kukipamba: "Taa zikizimika, mkutano umesimama. Litakalosemwa gizani halitaingia katika kumbukumbu."

Tulipoipeleka katiba kusajiliwa, mwezi wa Agosti, afisa aliisoma kwa makini, akatia kidole kwenye kifungu cha tisa, akauliza kama tulikusudia kuandika kitu kingine. Mkalimani alifasiri swali. Mweka hazina alitikisa kichwa, akaivuta karatasi kwake, akatia sahihi.