Kumpima Mtu ni Kumheshimu

Mizani ya kidijitali haijui uzito wa mtu. Nasema hivi baada ya kufanya kazi kwa muda mrefu katika kliniki ya mama na mtoto, ambako asubuhi huanza kwa foleni ya akina mama, watoto mgongoni na kadi mkononi. Kile ambacho mashine inakijua ni kidogo sana: chuma kimepinda kiasi gani. Chini ya bamba tunalokanyaga kuna vipande vya chuma, na juu ya kila kipande umebandikwa waya mwembamba uliokunjwakunjwa. Mtu akipanda, chuma hubonyea, kama ubao uliolazwa juu ya mtaro mtu anapovuka, ila kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Waya nao huvutwa ukarefuka, na ukirefuka ukinzani wake dhidi ya umeme huongezeka. Badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa tarakimu kwenye kioo.

Wazo hili liliwajia Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, mwaka 1938, kila mmoja akiwa na kazi yake na mahali pake. Ruge alikuwa akichunguza namna tetemeko la ardhi linavyoathiri matangi ya maji. Leo waya wa aina ile ndio unaotuambia kama mtoto wa miezi minne ameongezeka au la.

Kama mashine inajua kupinda kwa chuma tu, basi safari yote kutoka kwenye chuma hadi kwenye ukweli kuhusu mtoto inakamilishwa na watu. Kuna aliyechagua mahali pa kuiweka, aliyeunganisha waya, aliyesubiri sifuri itokee, aliyemvua mtoto sweta. Kazi hizo haziandikwi kwenye kadi. Kinachoandikwa ni namba. Lakini mmoja wao akilegeza mkono, namba inayobaki kwenye kadi ni ya uongo, na atakayeubeba uongo huo ni mtoto. Ndiyo maana nimekuja kuamini kwamba kumpima mtu vizuri ni namna ya kumheshimu.

Tuanze na mahali. Mizani inataka sakafu ngumu iliyo sawa. Ukiiweka juu ya zulia, mkeka, au kigae kinachocheza, miguu yake huzama au huyumba, na sehemu ya uzito hupotelea pasipopimwa. Mizani nyingi za hospitali zina pimamaji dogo pembeni, kiputo cha hewa ndani ya kiduara. Unazungusha miguu ya mizani taratibu mpaka kiputo kitulie katikati. Ni kazi ya dakika chache, na kila mizani inapohamishwa hata kwa kufagia, inapaswa kurudiwa. Nimeona mara nyingi watu wakibishana juu ya namba, huyu akisema mtoto amepungua na yule akisema haiwezekani, na hakuna aliyeinama kuangalia sakafu. Ndivyo tunavyofanya hata majumbani. Tunabishana juu ya tabia ya mtoto, au ya mkwe, au ya mfanyakazi, bila kuuliza kwanza sisi wenyewe tumesimama wapi tunapomtazama.

Mahali kuna maana pana zaidi ya sakafu. Mvutano wa dunia haulingani kila sehemu: kwenye ncha za dunia unazidi ule wa ikweta kwa takriban nusu ya asilimia moja. Mizani iliyorekebishwa kaskazini mwa Ulaya, ikaletwa Dar es Salaam na kutumiwa vilevile, itamsoma mtu wa kilo 70 pungufu kwa gramu 200 na zaidi. Hapo hakuna aliyedanganya. Mashine inasema kweli ya kule ilikotoka. Kwa sababu hiyo mizani nzuri za tiba huwekewa mpangilio wa eneo zinakotumika, na uhakiki wake hufanywa papo hapo kwa mawe ya mizani yanayojulikana uzito. Kwa hapa Tanzania, tuna Wakala wa Vipimo wenye jukumu la kuhakiki vipimo. Kipimo kinachosafiri lazima kijifunze ugenini kabla ya kuanza kuhukumu wenyeji, na mtu pia vivyo hivyo. Mhudumu aliyesomea mjini akapangiwa kijijini, mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, hata mzazi anayemlea mtoto katika zama ambazo si zake, wote wanahitaji kujirekebisha kwanza.

Baada ya mahali huja kuunganisha. Adapta iwe ile iliyokuja na mizani, kwa sababu nyingine inaweza kuingia kwenye tundu lilelile ikiwa na volti tofauti, ikaunguza saketi. Kebo inayokwenda kwenye kioo ipitishwe kandokando ya ukuta, isilale njiani ambako mama aliyebeba mtoto anaweza kujikwaa. Pasipo na umeme wa uhakika, betri ndizo tegemeo. Ziwekwe kwa kufuata alama za chanya na hasi, zisichanganywe kuukuu na mpya, na mizani ikikaa muda mrefu bila kazi zitolewe, kwani betri iliyovuja hula vishikizo vyake. Kisha unawasha hali juu ya bamba pakiwa patupu, unasubiri mpaka isomeke 0.0. Kusubiri huku ndiko kunakorukwa zaidi foleni ikiwa ndefu. Lakini mizani iliyowashwa ikiwa na kitu juu yake hukifanya kitu hicho kuwa sifuri, na wote watakaofuata watapimwa kwa kosa hilohilo.

Kuna swichi ndogo nyingine inayohitaji jicho: ile ya kubadili kutoka kilo kwenda pauni. Kilo moja ni pauni 2.2, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 atasomeka 22. Anayeandika kwa haraka bila kutazama alama iliyo pembeni ya tarakimu anaweza kumwandikia mtoto huyo dawa ya mtoto mara mbili yake.

Na hapa ndipo pa kueleza kwa nini usahihi ni jambo la uhai. Dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu, hutolewa kwa kufuata uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kila dozi, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Akifikia kilo 15 hadi chini ya 25, anameza viwili. Sasa fikiria mtoto mwenye kilo 14.7 aliyepimwa na sweta, viatu na nepi iliyolowa, akasomeka 15.3. Sweta limemwongezea kidonge kwa kila dozi. Kwa upande wa pili, mizani isiyorudi kwenye sifuri ikimpunguza yule wa kilo 15.2, atatibiwa kwa nusu ya dawa anayostahili, na malaria haina huruma na nusu dozi.

Kwa hiyo nguo zinavuliwa. Hili ndilo jambo gumu kuliko kebo na betri zote, kwa sababu linagusa mapenzi ya watu. Bibi mmoja alikuja na binti yake na mjukuu wa miezi mitano, asubuhi ya baridi, mtoto amefungwa sweta, kofia, soksi mbili mbili.

“Shikamoo, bibi. Tumvue mjukuu kidogo tu, halafu tutamvika upesi.”

“Marahaba, mwanangu. Atapata mafua huyu.”

“Hatakaa wazi, bibi. Shika kanga yako tayari. Akishuka tu, unamfunika.”

Mama mtu akavua viatu, akapanda mizani, akasimama wima katikati ya bamba, mikono chini, bila kushika meza. Namba ikatulia. Nikabonyeza kitufe cha mama na mtoto, kioo kikarudi sifuri huku mama akiwa bado amesimama juu, maana mashine imeshauweka uzito wake kando. Bibi akamkabidhi mtoto mikononi mwa mama. Mtoto akarusha miguu, tarakimu zikapanda na kushuka, nasi tukangoja. Aliponyamaza kifuani pa mama, namba ikajifunga: 6.8. Bibi alikuwa wa kwanza kuisoma, na kanga ilikuwa imeshafunguliwa. Yule bibi hakuwa kikwazo cha kipimo. Alipopewa kazi ndani yake, alikifanya kikamilike.

Mizani nayo ichaguliwe kwa kumfikiria anayepimwa. Mtoto njiti wa gramu 1,400 anayeendelea vizuri hutarajiwa kuongezeka takriban gramu 15 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani gramu kama 20. Mizani ya watu wazima inayosoma kwa hatua za gramu 100 haiwezi kuyaona maendeleo hayo. Mama aliyekesha akimkumbatia mtoto ngozi kwa ngozi, akimkamulia maziwa kila baada ya saa chache, ataambiwa mtoto hajaongezeka, na atavunjika moyo ilhali jitihada zake zinazaa matunda. Mtoto huyo anahitaji mizani ya watoto wachanga inayosoma gramu 5 au 10. Nimejifunza kujihadhari na neno “hajabadilika”. Mara nyingi mtu amebadilika, ila kipimo tulichomwekea ni kikubwa mno kwa hatua anazopiga. Mwanafunzi aliyekuwa hasomi neno akaanza kusoma silabi amepiga hatua, na mtihani wa taifa hauna sehemu ya kuiandika.

Tena namba moja haitoshi kumweleza mtu. Mtoto mchanga anaweza kupungua hadi asilimia 10 ya uzito wake katika siku za kwanza, na asiwe mgonjwa. Kinachosema zaidi ni mstari unaochorwa mwezi baada ya mwezi. Daktari David Morley, aliyefanya kazi vijijini Nigeria katikati ya karne ya 20, ndiye aliyeieneza kadi ya ukuaji inayotunzwa na mama mwenyewe nyumbani. Mistari tunayowalinganisha nayo watoto leo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kuwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wanaonyonyeshwa vizuri, wanaotunzwa na kuishi katika mazingira safi, hukua kwa namna inayofanana sana, wawe Muscat, Accra au Oslo. Mizani hurekebishwa kulingana na nchi ilipo, lakini mtoto ana haki ileile ya kukua popote alipozaliwa. Anapobaki nyuma, tusiseme haraka kwamba ndivyo walivyo watoto wa huku.

Namna ya kuitamka namba ni sehemu ya kipimo. Kutangaza kilo za mtu mbele ya foleni, awe mama mwenye mtoto aliyekonda au mtu mzima mwenye unene, ni kumvua nguo mara ya pili. Namwonyesha mama kadi, namwonyesha alama ya mwezi uliopita na ya leo, kisha namuuliza nyumbani kukoje. Majibu ya swali hilo, kuhara kwa wiki nzima, kurudi kazini mapema, chakula kilichopungua, hayamo kwenye waya wala kwenye chuma.

Mwisho ni kutunza. Mizani hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na dawa iliyoelekezwa na mtengenezaji. Haimwagiwi maji, na klorini kali hula chuma. Hainyanyuliwi kwa kebo. Haifanywi meza ya kurundikia maboksi ya dawa, kwa sababu chuma kilichobebeshwa mzigo mchana na usiku hupoteza uwezo wa kurudi mahali pake. Kila wiki ipandishwe jiwe la mizani la kilo 5 au 10, na namba iandikwe kwenye daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni afya ya watu. Hata mama wa kilo zote duniani, kile kipande cha platini na iridiamu kilichohifadhiwa Sèvres karibu na Paris tangu 1889 chini ya vifuniko vya kioo, kilikuja kutofautiana na nakala zake kwa takriban mikrogramu 50. Tarehe 20 Mei 2019 kiliacha kuwa msingi wa kilo, na nafasi yake ikachukuliwa na namba isiyobadilika ya maumbile, ile ya Planck. Ikiwa kile kilitetereka, sembuse mizani yetu ya kliniki. Sembuse mimi na wewe, tunaowapima wenzetu kila siku kwa macho bila kujihakiki hata mara moja kwa mwaka.

Ninalowaomba wahudumu wenzangu ni hili: sifuri ingojewe, hata foleni ikiwa imefika getini. Na wewe mzazi, una haki ya kutazama kioo kabla mtoto hajapandishwa, kuuliza kama imesoma sifuri, kuomba arudiwe namba ikikutia shaka, na kuelezwa mstari kwenye kadi unasema nini. Mhudumu mwema hatakasirika. Atajua mmeanza kuibeba pamoja kazi iliyokuwa ikimwelemea peke yake, na mtoto atapata kipimo anachostahili.