Filamu ya kauboi na swali la mtoto

Niko Rebero, hapa Kigali. Mwezi huu sina habari za mgao wala za shule. Nina habari ya filamu moja ya zamani iliyoniweka pabaya mbele ya mtoto wangu.

Nilitoka Kiziba na binti yangu wa miaka 11 kwa ajili ya daktari wa macho, tukafikia kwa baba mkubwa. Jumapili mvua ikatufungia ndani, mzee akatuwekea filamu anayoipenda tangu ujana wake Bukavu, alipoionea kwa mapadri. Yeye anaiita kwa Kifaransa, "Le train sifflera trois fois". Wamarekani waliitoa mwaka 1952 kwa jina "High Noon".

Si ya kukimbizana na Wahindi Wekundu kama zile tulizozoea. Mkuu wa polisi wa mji mdogo, Will Kane, ameoa asubuhi ile na anaacha kazi. Mara inakuja habari: muuaji aliyemkamata zamani ameachiliwa, anafika na treni ya saa sita mchana, na wenzake watatu wanamngoja stesheni. Watu wanamwambia Kane aondoke. Anaondoka kweli na mkewe kwa gari la farasi, halafu njiani anageuza. Basi anazunguka mji mzima kuomba wa kumsaidia. Hakimu anafunga mizigo. Rafiki anamtuma mkewe mlangoni aseme hayupo. Kanisani wanajadiliana weee, maneno matamu, kisha hakuna anayetoka naye. Na saa ya ukutani inakwenda tu.

Baba mkubwa akapiga paja: "Mwanaume ndiye huyo! Hakimbii!"

Binti yangu akaniangalia. "Mama, sisi si tulikimbia?"

Nilinyamaza. Tulipotoka Masisi mwaka 1996 nilikuwa na umri kama wake. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Angegeuza njiani, kwa bunduki gani?

Usiku nikaanza kusoma habari za filamu hiyo kwenye simu. Kumbe aliyeiandika, Carl Foreman, mwaka 1951 wakati inatengenezwa aliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa inawasaka wakomunisti. Alikuwa amewahi kuwa mmoja wao, lakini alikataa kutaja majina ya wengine. Mshirika wake wa kazi akajitenga naye, riziki ikakatika kwao, akahamia Uingereza. Yaani huyo aliyemwandika mtu asiyekimbia, mwenyewe alilazimika kuhama nchi! John Wayne, yule kauboi maarufu, aliichukia filamu hiyo akasema si ya Kimarekani. Mwaka 1959 yeye na Howard Hawks wakatoa "Rio Bravo" kuijibu, ambamo mkuu wa polisi hazunguki kuwabembeleza raia. Ndiyo siasa yao: mwanaume haombi. Mimi nasema asiyewahi kugonga mlango wa jirani usiku ndiye anayeweza kusema hivyo.

Kesho yake nikapanda na mtoto hadi kwenye makumbusho ya Rebero. Wamelala pale zaidi ya watu 14,000 waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, pamoja na wanasiasa waliokataa mpango ule, akina Joseph Kavaruganda na Landoald Ndasingwa. Ndasingwa aliuawa pamoja na mkewe, watoto wake na mama yake. Kila tarehe 13 Aprili wanakumbukwa. Filamu na kaburi sivifananishi, jamani. Lakini nilimwambia binti yangu kwamba hawa walikataa, na bibi yake naye alibeba watoto akaondoka, na sitaki amwonee aibu yeyote kati yao. Wale wa kanisani kwenye filamu, ambao hawakuwa wanakimbizwa na mtu, hao ndio tuwaulize.

Akafikiri mpaka tunateremka. Kisha akasema: "Lakini mama, na yule Kane mwishoni si aliondoka?"

Ni kweli. Akishashinda anaitupa beji yake mavumbini, anapanda gari la farasi na mkewe, wanakwenda zao bila kuaga. Jioni mtoto akamuuliza baba mkubwa walikwenda wapi.

"Filamu haisemi," mzee akajibu, akaanza kutafuta miwani yake.